Siku Nilipoigiza Mchawi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama uwanjani mchana kweupe, uso umepakwa majivu, shuka jeusi mabegani, kijiji kizima kikinitazama kama nyoka aliyeingia chumba cha mtoto mchanga. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitano.

Nasikia wewe na wenzako mnakwenda Kibondo kufundisha vijana maigizo. Vizuri. Lakini kaa kwanza. Haraka haraka haina baraka, na gari lenu haliondoki leo.

Ilikuwa ile miaka ya sabini tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi na mama yangu, mjane, tulishushwa huku Kasulu, upande wa Muyama, na kila jirani alikuwa ametoka mlima wake. Mnakutana kisimani, hamjuani ukoo wala asili. Mtoto wa mtu akiumwa, watu wanaanza kutazamana kwa pembeni. Usiyemjua ni rahisi kumwogopa.

Akaja Mwalimu Shabani, kijana wa Tanga, akasikitika kutuona sisi tusiopata shule hatuna letu ila jembe. Akaanzisha kikundi cha maigizo, akazunguka kuomba kila mtu atoe alichonacho. Parokia ikatoa banda la mazoezi, mwenye duka wa Kasulu mjini akatoa nguo, na Mzee Bitama, mpiga ngoma wetu, akaleta ngoma zake na kutufundisha kucheza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikipenda kile kikundi, mwanangu, nisikufiche. Nilikuwa nalima huku nacheza.

Igizo lenyewe lilikusudiwa kuwatoa watu hofu. Mtoto anaumwa, jirani anasingiziwa uchawi, kumbe ni maji machafu. Ila katikati baba wa mtoto anaota ndoto, na mchawi anamtokea. Mchawi nilikuwa mimi. Mzee Bitama alimwonya mwalimu mapema.

"Mwalimu, hawa abhantu, watu wetu hawa, hawajawahi kuona igizo. Waambie kwanza huyu ni nani."

Mwalimu akacheka kwa upole. "Mzee wangu, tukiwaambia, utamu utakwisha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile guu lililotaka kuvunjika lilikuwa langu.

Nikatokea, nikacheka kile kicheko nilichofundishwa, nikasema maneno yangu kwa Kiha chetu: "Mtoto huyu ni wangu. Nimekwisha kumla." Mbele yangu alikaa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa nyumbani na homa kali. Akapiga yowe: "Amesema mwenyewe! Mmemsikia, amesema mwenyewe!"

Wanaume wakainuka. Nikaona fimbo, nikaona mtu anaokota jiwe. Mwingine akapaza sauti, "Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mama yake je? Nyumba yao ichomwe!" Nikamtafuta mama kwa macho, nikamwona amesimama nyuma, kanga ameiuma kwa meno, hawezi hata kukimbia. Nilitaka kusema jina langu, sauti haikutoka. Mwalimu alikuwa akipiga kelele, "Ni mchezo tu jamani!" kwa Kiswahili chake cha Tanga, na wengi pale Kiswahili hakikuwa chao. Nilijua tunakufa, mimi na mama.

Mzee Bitama akaacha ngoma. Hakukimbia. Alilowesha kitambaa kwenye mtungi wa wachezaji, akaja akanifuta majivu mbele ya watu wote, taratibu. Kisha akanishika mikono yote miwili akaanza kunisalimu kwa Kiha. "Mwakeye." Nikaitika. Akaniuliza baba alikuwa nani, babu je, tulitoka mlima gani, mavuno yalikuwaje, ng'ombe je. Sisi Waha unatujua kwa salamu ndefu, na salamu haikatizwi, hata mwenye hasira husubiri iishe. Mzee akairefusha makusudi. Aliuliza ng'ombe mmoja mmoja, na sisi ng'ombe hatukuwa nao!

Fimbo zikashuka. Mtu mmoja akasema anaujua mlima wetu. Mzee akanipeleka kwa yule mama nimsalimu naye. Alinipa vidole tu, huku akilia.

Hofu haikuisha siku ile. Kwa muda mrefu mama alilala na panga mlangoni. Lakini homa ya yule mtoto ilipoa, Mungu ashukuriwe, maana isingepoa nisingekuwa hapa.

Mzee alimwambia mwalimu neno moja: "Ulileta banda, ulileta nguo, ukaleta na ngoma yangu. Watazamaji hukuwaleta." Tangu hapo, kila igizo tulianza kwa kusalimu watu na nyuso zetu wenyewe, tukapakwa majivu mbele yao, na mwisho tukanawa mbele yao. Aliyetushikia beseni la maji, mwaka mzima, alikuwa yule mama.

Basi mwanangu, mkifika Kibondo msianze na ngoma. Kaeni na wazazi, salimianeni mpaka mchoke, wawajue kabla hamjajigeuza wengine. Aliye tayari kukushikia beseni hatakuokotea jiwe.

Nenda. Mungu akutangulie barabarani, akupe sauti siku utakayoihitaji, na popote utakapovaa uso usio wako, asikose mtu wa kukufuta majivu.