Maandishi Kwenye TV ya Baba

Baba alipopoteza uwezo wa kusikia, watu wa nyumbani kwetu Shishiyu walimfanya kigoda. Walikaa karibu naye wakisengenya, wakigombana, hata wakimsema yeye mwenyewe mbele ya uso wake. Kaka yangu mkubwa, mnunuzi wa pamba anayeishi Nyalikungu, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Kwetu baba mzazi husalimiwa kwa kuinama hata ukiwa na haraka. Yeye alimpungia kiganja kama anafukuza nzi, kisha akauliza chakula kiko wapi.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni pale Bariadi. Kaka anaiita kazi hiyo kuchokonoa vyuma, na huku kubadili chaneli kwenyewe kunamshinda. Niliona baba ana TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, macho mazima, na kusoma anajua. Nikanunua maikrokontrola, yaani chipu ndogo unayoiandikia programu, nikaiunga kati ya king'amuzi na TV.

Ile TV huchora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na kila mstari hutanguliwa na ishara yake. Chipu huisubiri ishara hiyo, huhesabu mistari mpaka ifike chini ya kioo, kisha hurusha vidoti vyeupe, kipande cha herufi kwa kila mstari. Ikikosea muda kidogo tu, herufi zinayumba kama walevi wa mnadani. Zilinisumbua mno, nusura niitupe chipu yenyewe. Mwishowe nikawa naandika kwenye simu, na maneno yanatokea chini ya picha. Ya kwanza yalikuwa MWADILA BABA, salamu yetu ya mchana. Aliitikia kwa sauti, akalia, nami nikalia.

Jumapili moja nikiwa kwa baba, kaka na dada walikuja. Nilijua walichofuata: ng'ombe, ambao ndio uhai wa baba.

"Huyu hasikii, tuongee tu," kaka alisema. "Tuuze wote. Mzee tumpe kile chumba cha uani kwangu, pale alipokuwa anakaa mfanyakazi."

"Na akikataa?" dada akauliza.

"Akatae amesikia nini?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa naandika kila neno, wao wakidhani nachati. Kaka aligeuka akatazama TV, maneno yake mwenyewe yakipita chini ya miguu ya wachezaji, akauliza mpira ngapi ngapi. Kwake maandishi ya chini ni matangazo tu, hayamhusu. Sijawahi kumdharau mtu kiasi kile.

Baba alisoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkishauza ng'ombe, na mimi mtaniuza kwa nani?"

Dada alijifunika uso kwa khanga. Kaka akaitazama tena TV, safari hii akasoma, kisha akanigeukia nikiwa na simu mkononi, jasho linamtoka. "Mdogo wangu, mwandikie kwamba tulikuwa tunatania."

Nikaandika hivyo hivyo, sikupunguza wala kuongeza: KAKA ANASEMA WALIKUWA WANATANIA.

Baba aliyasoma polepole, akaniangalia.

"Zima," akasema.

Nikazima. Kaka akaanza kujieleza kwa sauti kubwa, mikono hewani. Baba akachukua fimbo yake, akampita hapo hapo akiwa anaongea, akatoka kwenda kupokea ng'ombe wake waliokuwa wanarudi.