Kondoo wa Torleiv

Gunnvor aliandika matangazo ya halmashauri, na mchana huo maneno yalimgomea. Wapimaji wa theluji walisema ile ya mlimani itaporomoka kabla ya jioni, na wenye nyumba za chini hawakutaka kuhama. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya baba yake.

"Wakazi wanashauriwa kuzingatia uwezekano wa kuondoka," ndivyo alivyoandika asubuhi. Akampigia baba simu.

"Nimelisoma," alisema mzee Torleiv. "Nimeshazingatia. Sasa nakunywa kahawa."

Gunnvor akafuta, akaandika "hatari kubwa mno", akalituma. Akakaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Masikini, alijisahau. Huko kwao dhoruba ikiezua paa, watu husema upepo umevuma kidogo. Anayesema "mno" haaminiki, huyo ni mtu wa Oslo, wa mji mkuu.

"Mno?" baba alicheka alipopigiwa tena. "Watu wa Oslo wamekuoa lini, mwanangu?"

"Baba, toka humo ndani."

"Babu yako alizeekea humu."

Hapo ndipo Gunnvor alipong'amua kitu. Zizi limepakana na jiko la baba, na kondoo wake wana kelele za sokoni. Leo simuni hawasikiki.

"Baba, kondoo wako wapi?"

Mzee alikohoa. "Nimewapeleka ng'ambo ya bonde, zizini kwa Asbjørn."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Ama kweli! Kondoo awaokoe, yeye abaki na birika lake! Hasira zikampanda Gunnvor, akaandika bila kufuta hata neno: "Torleiv amehamisha kondoo. Mwenyewe bado yumo ndani. Hameni sasa." Akalituma kwenye simu za kijiji kizima.

Muda si muda magari yakaanza kutoka, na kila lililopita kwa Torleiv lilipiga honi. Mzee alivumilia, mwishowe aibu ikamshinda. Akatoka na birika mkononi.

Jioni walikuwa wote katika ukumbi wa shule. Theluji ilikuwa imeshuka, zizi na jiko havipo tena.

"Umenianika," Torleiv alimwambia bintiye.

"Ndiyo, baba."

"Lakini tangazo limeeleweka."

Jirani akapita, akamuuliza Torleiv nyumba imekuwaje.

"Imeguswa kidogo," alijibu mzee. Kikombe kilikuwa kikimtetemeka, na Gunnvor akamshika mkono mpaka kahawa ikatulia.