Nchi ya Kumi na Tisa

Mchapaji wa Msambweni hupiga herufi kwa vidole viwili, akinong'ona kila neno. Wazazi wa mabinti wanaofanya kazi Uarabuni humjia awaulizie akili mnemba sheria za huko na za kwetu. Huwachapishia safu mbili, akawavutia kiti na kusema, "Soma taratibu, mama." Hajawahi kuongeza nchi ya tatu.

Jana nilimkuta karatasi zimejaa mezani. Bintiye, Twaiba, naye mfanyakazi wa Uarabuni, amefariki huko, na maiti haitolewi mpaka mwajiri atie saini.

"Pole sana, ndugu yangu," nikamwambia.

Alikuwa akiiuliza akili mnemba sheria za kutoa maiti katika nchi ambazo Twaiba hakuwahi kuzikanyaga, amefika ya kumi na tisa. Akaipigia mstari mwekundu.

"Hapa wangenipa mwanangu," akasema.