Shati Moja Hadi Kutua

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mbishi kuliko yeye sijamwona. Binti yake tulimwita Mwewe, maana tangu utotoni alipanda juu ya kila kitu. Alipoajiriwa kuwa mhudumu wa ndege akatueleza vizuri: kutoka kwetu hadi mji wa pili ni kilomita elfu moja na mia tatu, saa mbili angani. Mama yake akamjibu, "Hizo kilomita kawaambie wenye ndege. Mimi najua shati."

Na kweli, ilikuwa shati. Ndege ya Mwewe ikipita juu ya bati letu, mama yake anaanza kuunga vipande vya sare ya shule. Akifika pindo la mwisho, simu inalia: "Mama, tumetua." Basi akajitia kichwani kwamba mguu wake kwenye pedali ndio unaoishikilia ndege. Shati likishaanza hasimami, hata nyumba iungue. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. "Siku tumbo likikuvuruga," nikamuuliza, "rubani atafanyaje?"

Asubuhi moja ndege ikapita, akaanza. Pindo likaisha, simu kimya. Akaitazama kidogo, kisha akavuta vipande vya shati jingine.

Alikuwa kwenye shati la tatu redio ya kinyozi wa jirani ilipotangaza: ndege imepotea, haikutua popote. Watu wakaanza kujaa. Shemeji yangu, baba yake Mwewe, akakaa chini palepale mlangoni akalia kama mtoto. Mimi nikapandwa na hasira, maana huzuni yangu huja hivyo. Nikamshika mdogo wangu mkono. "Inuka! Mwenzio analia, wewe unashona?"

"Dada, niachie. Ukinisimamisha, wewe ndiye utakuwa umemwangusha."

Nikamvuta. Cherehani ikanyamaza.

Lo! Hapo tukasikia, sote. Juu ya bati, chini sana, muungurumo wa ndege, uleule wa kila asubuhi, halafu ukaanza kufifia na kukwama kama injini inayokata roho. Kinyozi akatoka mbio kutazama, akarudi. Angani hakuna kitu, akasema. Mdogo wangu akajichomoa mikononi mwangu, mguu ukarudi kwenye pedali. Muungurumo ukapanda tena, ukaenda zake.

Sikumgusa tena.

Huu ni mwaka wa pili. Hakijapatikana hata kipande cha bawa. Shemeji anataka tukubali, tulie, tumalize. Mashati yamefika darini, na wanafunzi wa mtaa mzima tumewavika bure. Mimi nina akili zangu timamu. Najua hakuna ndege inayokaa angani miaka miwili. Asinifundishe mtu.

Lakini mdogo wangu naye ni binadamu, lazima alale. Usingizi ukimzidi hunigusa bega, nami nakaa kwenye kiti kabla hakijapoa. Nilikuwa sijui kushona hata leso. Kola zangu zinakwenda upande na mikono haitoshani, Mwewe angenicheka huyo. Nampenda mtoto yule, nampenda mno, na sitaki kuwa mama mkubwa aliyemwangusha.

Mama yake akishtuka usingizini huuliza jambo moja tu: "Yuko juu?"

"Yuko juu," namjibu. "Lala."

Na mguu siuinui.