Baba Aliondoka Mkavu

Wiki iliyopita nilishuka sokoni Kwa Mrombo kununua maharage, na kabla sijayafikia nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake. Mama mmoja alikuwa ameketi chini na kutandaza kitambaa, anatwanga ugoro na magadi palepale. Harufu ile ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka, na mjukuu wangu niliyekuwa naye akadhani naumwa. Siumwi, nikamwambia, namnusa bibi yangu. Akanitazama vile watoto wa siku hizi wanavyotutazama sisi wazee, akaendelea kutafuna muwa wake.

Bibi yangu mzaa baba alinukia ugoro kuanzia alfajiri hadi kulala. Mate yake pia yalinukia ugoro, nami nayajua vizuri kwa sababu alinitemea mara nyingi. Usikunje uso, msomaji wangu. Kwetu kule juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, mzee akikutemea kifuani amekubariki. Hakuna aliyekwenda safari ya mbali wala kuolewa kabla ya kufungua vazi mbele ya mzazi wake na kupokea kile kinyunyu. Mwinjilisti wetu aliwahi kuhubiri Jumapili nzima kwamba huo ni ushenzi. Bibi, aliyebatizwa zamani na kuitwa Elizabeti, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, kisha akarudi nyumbani akatutemea kama kawaida. Mtu aliyesafiri bila mate ya mzazi tulisema ameondoka mkavu, na hakuna aliyetarajia kumwona tena.

Bibi alikuwa na wana wawili. Mkubwa aliitwa Ezekieli, na mdogo ndiye baba yangu. Babu alipofariki, Ezekieli ndiye aliyepaswa kubaki kwenye kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, awe nguzo ya mama yake. Badala yake akasema anataka kuiona bahari. Alikuja asubuhi na kifurushi chake, akafungua shati, akasimama mbele ya Bibi. Bibi akakaza midomo, akampa mgongo. Ezekieli akaondoka mkavu, akaenda hadi Pemba kuchuma karafuu, akaoa huko, na hatukupata tena habari zake. Mimi hayo niliyakuta yameshapita. Nilichokijua tu ni kwamba jina la Ezekieli halikutajwa Bibi akiwapo.

Halafu siku moja, enzi hizo za Mwingereza, nikiwa msichana wa kuota meno ya mbele, akaja mtu wa reli kutoka Tanga akimuulizia Baba sokoni Tengeru. Alikuwa na ujumbe wa mdomo, uliopita kwa watu wengi kabla ya kumfikia yeye. Ezekieli amekufa kwa homa. Mkewe alikuwa ametangulia. Wameacha mabinti wawili kwa jirani, na jirani mwenyewe ni mzee asiyejiweza.

Baba hakulala. Asubuhi alimwambia Mama kuwa anakwenda kuwachukua, na watakuwa watoto wake kama mimi nilivyo wake. Mama alikuwa amezaa mara nne na kubaki na mimi peke yangu. Akasema tu, "Nenda, Baba Rebeka. Tutabanana." Wakaenda wote wawili kwa Bibi, nami nyuma yao.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni pake. Alisikiliza mpaka mwisho. Baba akapiga magoti, akafungua vifungo vya shati. Nakumbuka mbavu zake zilivyopanda na kushuka, maana kulikuwa na baridi na tena alikuwa na hofu. Bibi akamtazama kifuani, midomo ikaanza kutetemeka, nikadhani sasa anatema. Lakini akanyanyuka.

"Bahari imekula mmoja," akasema kwa Kimeru. "Siipelekei wa pili kwa mkono wangu."

Akaingia migombani. Mama alimfuata akimsihi, huku kanga ikimdondoka. Tuliisikia sauti ya Mama kwa muda mrefu, ya Bibi hatukuisikia. Baba akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, akanishika kichwa, akateremka barabarani kutafuta lori la kwenda Arusha mjini akapande treni.

Basi, tukabaki tukingoja. Baba alikuwa amesema atarudi kabla kahawa haijaiva. Treni ya kutoka Moshi ilipita kule chini tambarare, na upepo ukiwa mzuri tulisikia honi yake. Kila ilipolia, Mama aliacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa anamenya ndizi, kisu kilisimama. Baadaye, baada ya muda wa kutosha mtu kupanda mlima kutoka stesheni, kisu kiliendelea.

Kahawa ikaiva. Tukaichuma mimi na Mama, tukaimenya, tukaianika. Majirani walitusaidia, lakini waliongea kwa sauti za chini, na nilipokaribia walianza habari za mvua. Mlima mzima ulijua Baba aliondoka mkavu kama kaka yake. Hakuna aliyemlaumu Bibi mbele yake. Walimsalimia kwa adabu zote, kisha wakapita upesi.

Bibi naye alibadilika. Chakula alikigusa tu na kukirudisha. Alfajiri moja niliamka kwenda haja nikamwona amesimama peke yake mwisho wa kihamba, palipo na masale, mimea tunayoipanda mpakani, uso ukielekea kule chini barabarani. Alinusa ugoro, akavuta pumzi, akatema mate hewani kwa nguvu zake zote. Akatulia kidogo, akatema tena. Nilirudi ndani mbio nikamwambia Mama kuwa Bibi anamlaani Baba. Mama aliketi kitandani. Halafu akasema, "Nyamaza mwanangu. Na usimwambie mtu." Sikuelewa kwa nini alikuwa analia.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ikaja habari kwamba kuna Mmeru amefia hospitali huko Pemba kwa homa. Jina hawakulijua. Lakini ni Wameru wangapi walikuwa Pemba? Sijui nani aliitoa habari hiyo, ila ilipanda mlima haraka kuliko moshi.

Kesho yake wanawake wakaja. Niliwaona wakikata kona, wamebeba mikungu ya ndizi kichwani, hakuna anayezungumza, na ndivyo watu wa kwetu wanavyokuja kwenye msiba. Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliwaona, akaushika ufagio kwa mikono miwili, akasimama katikati ya njia.

"Msitue," akasema. "Hapa hakuna msiba."

Yule wa mbele alikuwa rafiki yake wa kipaimara. Akasema kwa upole, "Mama Rebeka, mzigo ni mzito."

"Basi rudi nao. Ukiutua hapa umemzika mume wangu, na mimi sijamzika."

Nilikuwa nimejibanza kwenye ukuta wa zizi. Wale wanawake walisimama na mizigo yao, shingo zinawauma, wasijue la kufanya. Hapo Bibi akatoka nyumbani kwake. Nikajua sasa anakuja kuwaambia watue, maana mzazi ndiye mwenye kuruhusu kilio. Alitembea taratibu na fimbo yake, akafika, akasimama ubavuni mwa Mama. Akaiweka fimbo ile ikazuia njia. Wale wanawake wakageuka, wakateremka na ndizi zao.

Tangu siku ile Bibi alihamia kwetu. Walikaa jikoni yeye na Mama, treni ikilia wote wawili wanainua vichwa.

Ilikuwa mchana wa manyunyu walipokuja. Mimi ndiye niliyewaona wa kwanza, na sikumjua Baba. Niliona mzee mwembamba aliyenyolewa nywele, koti linamning'inia, amembeba mtoto mgongoni na mwingine anamfuata ameshika pindo la koti. Homa ilimlaza kweli huko Pemba. Mmeru aliyefia hospitali alikuwa mwingine, Mungu amrehemu, mama yake naye alikuwa na kilio chake mahali.

Mama hakupiga kelele. Alimwendea Baba akamshika uso, akaupapasa kama kipofu. Kisha akawageukia watoto. Mdogo, Asha, alikuwa wa miaka minne hivi. Mkubwa aliitwa Mwanaidi, alinizidi kidogo kimo, na alikuwa na macho ya mtu asiyelala mpaka ajue mlango uko wapi. Walivaa vijikanga vyepesi na meno yalikuwa yanagongana. Masikini, baridi ya kwetu hawakuwahi hata kuiota.

"Shikamoo bibi," Mwanaidi akasema, kwa Kiswahili kizuri mno ambacho sisi tulikisikia kwa mwalimu tu.

Bibi Kiswahili hakukijua zaidi ya kile cha nyimbo za kanisani. Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Asha, na baadaye tuliambiwa kuwa Asha alifanana na Ezekieli kama aliyetemwa naye. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa uwanjani. Wote walijua kinachongojwa. Bibi akiwatemea hawa watoto, ni wa kwetu. Akiwapa mgongo kama alivyozoea, Baba alikaribia kufa bure, na watoto hawa watalala chini ya paa letu kama wageni mpaka wazeeke. Sikuona mtu aliyemeza mate.

Bibi akauchukua ugoro, akanusa. Akamkaribia Asha, akavuta chini kile kijikanga, akamtemea kifuani.

Asha akaangua kilio. Na kabla mtu hajasema kitu, Mwanaidi akamvuta mdogo wake nyuma, akasimama mbele yake, akamtemea Bibi. Yalimpata chini ya koo.

Jamani. Huko Pemba, mtu akikutemea mate amekuona huna thamani ya mbwa. Mtoto wa watu amevuka bahari, amepanda treni usiku kucha, amesalimia kwa adabu, na jibu alilopata ni mate kwa mdogo wake. Angefanya nini? Lakini kwetu, mtoto kumtemea mzee hakukuwa na jina. Kibuyu kikamponyoka Mama. Baba akainua mkono kumpiga Mwanaidi, na mkono ule ulikuwa umekunjwa ngumi. Mwanaidi hakurudi nyuma hata hatua.

Bibi akainua kiganja kumzuia Baba.  Kisha akakileta kiganja kile shingoni, akayapaka yale mate kifuani pake, taratibu, kama tunavyojipaka baraka tusiache ianguke.

"Baba yangu amelala, mama yangu amelala," akasema kwa Kimeru, na kila mtu alisikia. "Nimezeeka bila mtu wa kunitemea. Nani aliyemwambia mtoto huyu kwamba mimi ni mkavu?"

 Bibi akamgeukia Baba. "Na wewe fungua hilo shati." Baba akafungua, palepale kwenye manyunyu, na Bibi akamtemea, akamtemea tena, mpaka akaishiwa mate akaomba maji. Hapo ndipo Mama alipolia kwa sauti. Kisha akaingia jikoni kupika mtori, na wale watoto wakaketi motoni wakiwa wamejifunika blanketi langu, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

Mwinjilisti alikuja kuuliza watabatizwa lini. Baba akamwambia ngoja kwanza wazoee baridi. Nadhani Mwanaidi hajaizoea hadi leo, maana bado anaswali na bado analalamika.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile Bibi aliwasamehe tu watoto wasiojua mila. Niliamini kwamba aliona haraka njia ya kumwokoa Mwanaidi na kipigo, na watu wakamsifu kwa hekima yake. Na mimi nilisifu.

Halafu akaja kuugua, mimi na Mwanaidi tukiwa wasichana wakubwa. Tulikuwa tunapokezana kumlisha. Asubuhi moja alikataa uji, akaomba wote watoke abaki Mwanaidi. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimemwinua mgongo na hakuna aliyenipokea. Kimeru Mwanaidi alikuwa anakijua sasa kuliko mimi, na mila zetu zote alizijua, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

Bibi alifungua shuka lake kifuani kwa vidole visivyo na nguvu.

"Baba yako nilimwacha aondoke mkavu," akasema. "Wewe ulikuja ukanitemea kwa hasira, na nikajua ni yeye amekutuma, na ilikuwa haki yangu. Sasa nitemee tena, mwanangu, kama huna hasira. Na mimi naogopa njia."

Mwanaidi alikuwa analia mpaka mdomo ukamkauka. Ilibidi anywe kwanza ule uji wa Bibi. Kisha akainama, akamtemea kidogo kifuani, na Bibi akautafuta mkono wake mwenyewe ayapake. Hakuweza kuunyanyua, kwa hiyo nikampaka mimi.