Maneno ya Baba Kwenye Faili la Mgeni

Asubuhi ile nilifanya kosa ambalo huwakataza wenzangu kila siku: nilisasisha vifurushi vyote vya programu kwa pamoja, kabla ya kazi, bila kusoma kilichobadilika. Mimi naandika programu za kompyuta. Ndiyo kazi yangu, naifanyia nyumbani hapa Mombasa, na mchana kutwa nashinda ndani ya kihariri, ile programu ambayo sisi huandikia ndani yake, kama fundi nguo anavyoshinda mbele ya cherehani. Changu nimekipanga mwenyewe, mstari kwa mstari, kwenye faili la mipangilio ambalo nimekuwa nikiliongeza tangu nianze kazi. Rangi gani kwa neno gani, kitufe gani kifanye nini. Mtu mwingine akikikalia hajui hata pa kuanzia.

Nilipokifungua baada ya kusasisha, maneno yote yalikuwa meupe. Rangi zimeondoka. Msaidizi wa lugha, ambaye kazi yake ni kusoma ninachoandika na kunionyesha kosa kabla sijaiendesha programu, hakuwaka. Chini kabisa ya skrini palikuwa na mstari mmoja mwekundu ukisema kwamba mpangilio ninaouita haupo tena.

Ilikuwa saa tatu na nusu, na kazi ilitakiwa kabla ya Adhuhuri. Nikajaribu kurudisha toleo la zamani la kifurushi kile. Vifurushi viwili vingine vikagoma kufanya kazi nacho. Nikafuta nilivyoweza kufuta, nikavipakua upya. Ule mstari mwekundu haukutoka. Mwisho nikaunakili na kuutafuta mtandaoni.

Watu wengi walikuwa wameuliza swali hilohilo wiki ile, na hakuna aliyejibiwa. Kisha nikafika kwenye faili la mipangilio la mtu mmoja nisiyemjua, aliyeliweka wazi lote ili anayetaka anakili, kama ilivyo desturi yetu. Lilikuwa limerekebishwa siku mbili nyuma. Nikalishuka upesi hadi pale nilipopahitaji, na kweli, mpangilio mpya ulikuwepo. Juu yake palikuwa na maelezo, ule mstari ambao kompyuta huuruka kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya binadamu:

"Bibi kanuna. Mchu asimguse mpaka acheke."

Niliyasoma maneno yale nikayapita. Nilikuwa nimeshanakili mpangilio na kuubandika kwangu ndipo mikono ikasimama.

Mchu. Si mtu, mchu, kama tunavyosema sisi Wabajuni. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nitabasamu, maana sijawahi kukutana na lugha yetu ndani ya faili la kompyuta. Lakini sentensi ile haikuwa ya Wabajuni wote. Ilikuwa ya mtu mmoja. Babangu, kule kisiwani kwetu Chovai, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na mashua yenye injini kuukuu ya dizeli, na kila ilipokataa kuwaka aliinua mikono yote miwili, akaturudisha nyuma sote, akasema: "Bibi kanuna. Mchu asimguse mpaka acheke." Kisha angeisemesha ile injini kama anayembembeleza mke, na sisi watoto tungecheka mpaka tukae chini. Sijapata kusikia mtu mwingine yeyote akisema hivyo. Na baba alikufa kwenye kambi ya wakimbizi, nje kidogo ya mji huu, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Naona haya kusema nilichofanya baada ya hapo. Niliendelea kukipanga kihariri. Nilibadilisha jina la mpangilio, nikahamisha mistari mitatu, nikakifunga na kukifungua tena. Rangi zikarudi. Msaidizi akawaka. Nadhani niliogopa kuinua kichwa. Nilipomaliza ndipo nilipoitoa simu nikaipiga picha skrini, kwa sababu iliniingia akilini kwamba nikilifunga lile faili maneno yatafutika.

Mwenye faili hakuweka jina, aliweka herufi mbili tu, na mahali pa kumwandikia. Nikaandika kwa Kiswahili: "Samahani. Maneno haya ya bibi kanuna umeyapata wapi?"

Jibu lilikuja kabla sijanyanyuka. "Ni maneno ya mamangu. Babake alikuwa akiiambia injini ya mashua. Mimi nayaweka kila mahali panaponisumbua. Kwani wewe ni mchu wa wapi?"

Nikaandika: "Chovai."

"Mamangu pia wa Chovai!" akajibu, na alama tatu za mshangao.

Ni lazima nieleze alichokuwa hajui. Vita vilipofika Kismayo na watu wenye bunduki wakaanza kuvuka kuja visiwani kuchukua nyavu na mashine, baba alitutoa Chovai. Tulikuwa vyombo viwili. Chetu kilijaa, na dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akapandishwa cha pili pamoja na shangazi. Mimi nilikuwa na saba. Tulikubaliana kukutana Burgao, bandari ya kabla ya mpaka wa Kenya. Sisi tulifika, tukangoja siku tatu. Siku ya nne wakaja watu wakasema chombo kile kilipinduka kwenye miamba, na wamezika maiti watatu waliotupwa ufukweni, mmoja wao shangazi. Dada hakuonekana. Baba alitaka kurudi. Wanaume wenzake walimshika kwa nguvu. Tukaingia Kenya. Mama alikaa kambini mwaka mzima akiuliza kila aliyefika, kisha siku moja akasema basi, na dada akasaliwa, akasomewa khitma. Nakumbuka wali wa siku ile.

Basi nikamwandikia yule mgeni jina la dada yangu. Jina lake, la baba na la babu. Sikuongeza neno.

Hakujibu. Dakika kumi zikapita, ishirini. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, nikarudi. Mtu wa kazini alinipigia kuuliza kazi. Nikamwambia "tayari", wakati haikuwa tayari, na nikakata. Kisha ujumbe ukaingia.

"Wewe ni nani?"

"Kama mamako ni huyo, mimi ni mdogo wake."

"Mdogo wake alikufa. Chombo chao kilipigwa risasi kikazama. Tafadhali usifanye mzaha na jambo hili."

Nilisoma kwamba nimekufa. Niliusoma ujumbe tena. Mwishowe nikaandika: "Muulize mamako nani aliyemtia oili ya moto ya injini mguuni, akamwachia alama chini ya goti, na wote wawili wakamdanganya baba kuwa ni maji ya chai." Siri ile hata mama haijui. Tulikuwa watatu tunaoijua: mimi, dada, na yule aliyeiumba roho yangu.

Chini yake nikaweka namba yangu ya simu, na baada ya hapo hakuandika. Simu yangu ikalia, namba ndefu ya Ulaya, na sauti ya msichana, nyembamba: "Mjomba?"

Nyuma yake nilisikia mtu akilia kwa sauti nzito. Kwa zaidi ya miaka thelathini dada yangu kichwani mwangu alikuwa na miaka kumi na minne. Alipochukua simu alikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo, ya kukwaruza, na nilishtuka vibaya sana, kana kwamba nimepewa mtu siye. Akaniita kwa jina la utani ambalo sijaitwa tangu Chovai. Kisha akanieleza yaliyompata.

Aliokotwa na wavuvi wa Koyama, kisiwa jirani, akiwa ameshikilia pipa. Wakamfikisha Kismayo kwa familia moja ya mjini, na huko akaambiwa kuwa chombo chetu kilipigwa risasi na hakuna aliyesalimika. Familia ile ilipokimbia, ilimchukua, lakini wao walipita nchi kavu mpaka kambi za bara huku Kenya, mbali na pwani. Aliolewa kambini. Alizaa kambini. Alipowauliza Wabajuni wenzake habari za jamaa, walimwambia kambi ya Mombasa imefungwa na watu wamerudishwa makwao. Halafu yeye, mume na watoto wakapelekwa Ulaya.

"Mama?" akauliza.

"Yuko hapa. Chumba cha pili."

Kisha: "Usinidanganye."

Mama alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, kama afanyavyo kila siku ikivimba. Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya kumwingia taratibu, na yote yakanipotea. Nikasema, "Mama, dada yu hai. Yuko kwenye simu."

Hakupiga kelele. Alinitazama kama anayemtazama mlevi.

"Binti yangu nimemsomea," akasema. "Nimewapikia watu wali. Watu wa simu hawa ni wezi, wanajua kila kitu. Kata."

"Mama, nimezungumza naye mwenyewe."

"Kata, nakwambia."

Nikaiweka simu kwenye spika, nikamwambia dada, "Mama haamini." Mama akakaza macho ukutani. Halafu, bila kuigeukia simu, akauliza kwa sauti ya kumhoji mwizi: "Siku ile tulipotoka, ulivaa nini?"

"Gauni langu la kijani," dada akasema. "Na juu yake leso yako, mama. Ulinifunga wewe mwenyewe. Ukanivuta sikio, ukaniambia nisiilowanishe."

Mama akaitoa miguu yake majini. Sijui kwa nini nakumbuka jambo hilo. Aliitoa mmoja mmoja, akaiweka sakafuni, maji yakaenea.

"Ililowa," dada akasema.

"Najua," mama akajibu. Kisha: "Tulikusalia, mwanangu."

"Mbona hamkunitafuta?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa, na lilikuja waziwazi hivyo. Mama alieleza Burgao, siku nne, baba alivyoshikwa na wanaume. Alieleza vibaya, akiruka huku na huku. Dada alisikiliza. Kisha akasema kwamba yeye pia alitusalia. Kwamba kila mwaka, mwezi wa Shaabani, huko kwenye baridi, huwakusanya majirani akawapikia na kutusomea: baba, mama, na mdogo wake. Mwaka huu pia ameshasoma. Nilikuwa nimekaa sakafuni, suruali imelowa maji ya beseni, nikihesabu nafsini ni mara ngapi nimeombewa msamaha wa kaburini huku nikinywa chai Mombasa.

"Na baba?" akauliza. "Baba yuko?"

Hatukuwahi kufikiri kwamba atauliza. Mama alinitazama, nami nikainamisha kichwa, mwoga. Mama ndiye aliyemwambia. Dada alikuwa amemlilia baba tangu utotoni, akazoea. Kwa muda wa robo saa tu, asubuhi ile, alirudishiwa baba, na sasa tukamnyang'anya tena. Kilio alichokitoa kilinifanya nitamani simu ile isingalipigwa.

Alikuja miezi minane baadaye, pamoja na binti yake. Makaratasi ndiyo yaliyochukua muda. Uwanja wa ndege sikumtambua dada, nilimtambua yule msichana, kwa sababu alikuwa na paji la uso la baba, na alikuwa amesimama akitutafuta kwa macho kama baba alivyokuwa akitafuta chombo. Dada alinishika uso kwa mikono miwili akanipindua huku na kule. "Una mvi," akasema, kwa hasira kabisa. "Nani kakuruhusu?"

Nyumbani mama alimpokea kwa utulivu uliotutisha sote. Alimkalisha, akamwomba amwonyeshe watoto wengine kwenye simu, akauliza majina yao, akayarudia. Hakulia. Hakuwa amelia hata siku ile ya beseni. Nilidhani pengine ameshalia lote miaka ile, limekwisha.

Siku ya tatu dada akaomba kupelekwa kaburini kwa baba. Tulikwenda sote wanne. Akamwambia mama, "Nieleze alivyokufa, tangu mwanzo, usiruke." Mama akaeleza: homa, zahanati ya kambini, siku alizokaa bila kula, alichosema na asichosema. Ilichukua muda mrefu. Dada aliuliza maswali madogo madogo, kama vile alilazwa ubavu gani, na mama aliyajibu yote. Yule msichana alisimama kando yangu, akiushika mkono wangu.

Tuliporudi nikachemsha chai, nikaitia maziwa na sukari kama tunywavyo sisi. Dada akakirudisha kikombe.

"Nipe ya kando, isiyo na sukari," akasema. "Mimi nina kisukari."

Mama aligeuka. "Nani ana kisukari?"

"Mimi, mama."

"Tangu lini?"

"Yapata miaka kumi sasa."

"Miaka kumi!" Mama aliweka mkono kifuani, mdomo wazi, kama aliyepigwa. "Miaka kumi mwanangu mgonjwa, na mimi sijui?" Akateremka kwenye kiti mpaka sakafuni, akamshika dada miguu yote miwili, na ndipo alipoanza kulia.