Muhuri Uliotoka kwa Viazi

Kitu tulichopata kwa shamba letu hapa Molo kilikuwa kidogo kama kifuniko cha soda, kizito, kimejaa kutu ya kijani. Mathe, mama yangu, ndiye alikigonga na jembe tukichimba viazi. Nikakisugua na maji moto: ngao, ndege watatu, na herufi zimezunguka, zote zimegeuzwa. Kama zimegeuzwa, basi ni za kugonga muhuri. Nikakikandamiza kwa kipande cha sabuni na maneno yakatokea sawa, lakini si Kiingereza.

Baba hakupenda. "Hiyo ni ya mzungu."

"Si basi tujue ni mzungu gani?"

"Ukimjua utamfanyia nini?"

Nilijua kinachomsumbua. Shamba hili babu alinunua na wenzake wakati mzungu anarudi kwao, na hati, ile title, mpaka leo iko na jina la babu, na babu tulishazika. Kwa baba, ukimpata mwenye muhuri umempata wa kudai shamba.

Mimi sikuwa na hiyo hofu. Nikatuma picha ya ile sabuni kwa kundi moja la mtandao, la watu wa vitu vya zamani. Akanijibu mama mmoja wa Uingereza. Maneno ni Kilatini, akasema, "muhuri wa" fulani, na hao ndege watatu ni alama ya ukoo wa huyo mwenye muhuri. Alikuwa askari wa farasi, wale wa kuvaa chuma mwili mzima, mamia ya miaka iliyopita. Huku hakuwahi kufika. Pengine mzungu wa shamba ndiye alikuja nao kama kitu cha kwao, akaupoteza.

Nikamsomea baba nikidhani maneno yameisha.

"Alikuwa na watoto?"

"Baba, huyo ni mtu wa zamani sana."

"Nimekuuliza watoto."

Nikatafuta kwa meseji. "Msichana mmoja. Ukoo ukaishia hapo. Mashamba yakaenda kwa bwana yake."

"Unaona? Kwa mkwe. Hao watu huwa hawasahau shamba."

Mathe alikuwa anachagua viazi vya mbegu, hata hakuinua kichwa. "Wacha waje na hao farasi. Mbolea tumekosa."

"Cheka tu," baba akamwambia. Akanigeukia. "Mwambie ilipatikana Karagita. Huko mtaani kila mtu amepanga nyumba. Wakasumbuane na landlord."

Nilikuwa nataka kumwambia hiyo ni aibu, meseji ingine ikaingia. Yule mama alishukuru, akasema nimefanya kazi nzuri. Sasa aliomba nimtumie mahali penyewe tulipochimba, na shamba lilikuwa linaitwaje enzi za wazungu. Kuna familia ingependa kujua.

Nikaisoma tena. Familia gani, na ni yeye alisema ukoo uliisha?

Nikazima location ya simu kwanza. Halafu nikamwandikia: "Familia gani?"

Ikaonyesha amesoma. Nikangoja.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Hajajibu."

Akavuta kiti karibu na mimi, akakaa.